Chumvi ya Kisima cha Dobi

"Huu hapa ushahidi, afande," koplo akasema, akaiweka pakiti ya chumvi mezani taratibu, kama mtu anayeweka bomu.

Pakiti ilikuwa imefunguliwa pembeni kwa meno, mdomo umekunjwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Mpelelezi hakuigusa. Aliinama akaitazama upande huu, akazunguka meza akaitazama upande wa pili, kisha akavuta kiti akakaa.

Mpelelezi huyu alikuwa na jina lake zuri tu la kazini, ila hakuna aliyelitumia. Mji mzima walimwita Kupe. Hata mama mkwe wake alimwita Kupe. Alikuwa mama mfupi, mpole, hana makelele, lakini akishaliganda jambo habanduki mpaka aone mwisho wake. Koplo alikuwa mdogo wa mume wake. Nani aliwapanga kazi pamoja, hakuna aliyekumbuka. Mbele za watu alimwita afande, wakiwa wawili alimwita shemeji, na akishtuka alichanganya yote.

"Umeipata wapi?"

"Kwenye droo ya mtuhumiwa, afande. Chini ya taulo."

Mtuhumiwa mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kreti la chupa tupu, na mabuti yake ya mpira yenye tope. Alikuwa binti mwembamba wa macho makubwa, kazi yake kupima maji. Kupe alitegemea kumkuta analia.

"Nimelia jana nikamaliza," binti alisema, kama aliyejua anachowaza. "Leo nina njaa tu."

Chumba hicho cha chupa kilikuwa mwisho kabisa wa ofisi za mfereji, nyuma ya jenereta. Ukutani kulikuwa na rafu, na juu ya rafu chupa za maji zilizopangwa kama wanafunzi mstarini, kila moja na kikaratasi chake: kisima cha shule, kisima cha zahanati, kisima cha bustani, kisima cha dobi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mfereji wa meli ulitakiwa kuongezwa kina, ili meli kubwa zinazopita mbali siku hizi ziweze kuingia. Lakini kabla hujachimba, lazima ifanywe tathmini ya mazingira. Samaki watakwenda wapi? Kingo zitashika au zitabomoka? Na maji ya chumvi ya mfereji yatakaa humo humo, au yatapenya ardhini mpaka kwenye visima vya watu? Hilo la visima ndilo lilikuwa la binti. Kila wiki alizunguka pande zote mbili za mfereji, akachota, akajaza chupa, akapima. Kila wiki maji yalikuwa matamu. Kisha ghafla chupa za kisima kimoja, kisima cha dobi, zikawa na chumvi.

Na uchimbaji wenyewe ulikuwa bado! Kilichofanyika ni jaribio dogo tu, meli ya kuchimbia ikakwangua tope la juu. Basi injinia mkuu wa mfereji akasema haiwezekani. Chumvi hiyo haikutoka baharini, imetoka dukani. Binti ameitia chupani ili mradi ukwame. Akaenda polisi, akasema kwamba hata shahidi anaye.

Mkutano wa tathmini ulikuwa leo, saa nane mchana. Kupe akisema chupa zimechezewa, chupa zinamwagwa, uchimbaji unaanza, na binti anaondoka na gari la polisi.

"Mwanangu," Kupe akamwambia, "chumvi hii ni ya nini?"

"Ya mayai."

"Mayai gani?"

"Ya kuchemsha. Mimi ikifika saa nne sijala yai, sioni mbele."

Kupe akaivuta ndoo ya taka kwa mguu, akachungulia. Maganda ya mayai yalijaa humo, mengine yameshikana na nusu ya yai lenyewe.

"Unamenya vibaya."

"Mama anasema hivyo hivyo."

Koplo akakohoa. "Afande, mtu anaweza kula mayai na bado akatia chumvi chupani. Pakiti ni kubwa, inatosha kazi zote mbili."

"Kweli kabisa," Kupe akasema. "Kwa hiyo hatoki humu bado." Kisha akamgeukia binti. "Hivi hakuna njia ya kujua? Chumvi ya jikoni na chumvi ya bahari, si chumvi zote?"

Binti akasimama. Hapo ndipo alipochangamka. "Hapana, mama! Chumvi ya jikoni imeshasafishwa. Maji ya bahari yana chumvi na ndugu zake wote, magnesi, chokaa, wote wamo. Ukikuta magnesi nyingi, hiyo ni bahari. Nilitaka kupima. Injinia akafunga kabati la vifaa, akasema mtuhumiwa hajipimii kesi yake. Maabara kubwa nayo imesema nisubiri wiki tatu."

"Na hiyo magnesi, mtu akiitazama kwa macho haioni?"

"Haioni."

Kupe akainuka, akajipangusa sketi. "Basi tuanze na anayeona. Shahidi yuko wapi?"

*

Shahidi alikuwa mzee wa getini. Binti alimwita babu, naye alimwita binti mjukuu, ingawa hawakuwa na undugu zaidi ya kushirikiana chupa ya chai. Alikuwa na kofia ya ulinzi iliyomzidi kichwa, ikikaa juu ya masikio.

"Karibu, karibuni," akasema. "Mmekuja kumtoa mjukuu wangu?"

Koplo akashangaa. "Kumtoa? Si wewe uliyemtia ndani?"

"Mimi?"

Kupe akamwashiria koplo anyamaze. Akachukua kigoda cha mzee, akakaa, mzee akabaki amesimama akijiuliza kigoda kimeondokaje.

"Babu, injinia alikuja kukuuliza jambo juu ya binti wa maji. Alikuulizaje?"

"Alikuja mbio, jasho linamtoka. Akaniuliza, mzee, huyu binti anatia chumvi? Nikamwambia, yule? Kila siku!"

"Kila siku," koplo akarudia, akimtazama shemeji yake.

"Kila siku ya Mungu! Akasema, umemwona kwa macho yako? Nikamwambia mbele yangu, hapa hapa nilipo, anatia chumvi mpaka unashika mbavu. Akanishika mkono akanishukuru sana. Nikasema huyu bosi leo kapatwa na nini."

"Unashika mbavu kwa nini, babu?"

"Kwa kucheka, mwanangu! Juzi kaniambia imepita mferejini meli ndefu, kichwa kilipita leo mkia ukapita kesho yake. Wiki ile kaniambia kaona panya pale gatini, kavaa helmeti. Sasa huko si kutia chumvi? Yule mtoto hadithi ya kijiko ataifanya pipa!"

Koplo akafunga macho. Kupe hakucheka. Midomo tu ilimcheza kidogo.

"Babu, hujawahi kumwona anatia chumvi kwenye maji?"

"Kwenye maji?" Mzee akasogeza kofia ili asikie vizuri. "Mtu mwenye akili zake anatiaje chumvi kwenye maji? Anapika nini?"

"Na kwenye chupa za rafu?"

"Chupa zile hata mimi haniruhusu nizipanguse vumbi. Anasema pumzi yangu ina tangawizi." Kisha uso ukambadilika. Alianza kuelewa, polepole, kama taa ya mafuta inayokubali kuwaka. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo mjukuu wangu anafungwa kwa mdomo wangu?"

"Bado hajafungwa."

"Niitieni huyo injinia!"

"Tutamwona saa nane," Kupe akasema, akamrudishia kigoda. "Kaa, babu. Na mtu yeyote akikuuliza neno lolote leo, mwambie unaumwa jino."

Walipotoka getini koplo alikuwa anatingishika kwa kicheko. "Shemeji afande, kesi imekwisha! Tukanywe chai."

"Haijaisha. Tumemtoa mtuhumiwa, lakini chumvi bado imo kwenye chupa. Nani aliitia?"

Koplo akaacha kucheka. "Ah. Kweli."

"Twende kwa dobi."

*

Kisima cha dobi hakikuwa karibu na mfereji. Ulipita barabara ya lami, ukapita ukuta wa shule, ndipo ukafika uwanja wake, na kamba za nguo zimevuka huku na huko mpaka huoni mbingu. Shuka za hospitali, sare za mabaharia, makoti meupe ya wapishi. Katikati, pampu ilikuwa inanguruma ikivuta maji bila kupumzika. Majirani nao walikuja hapo hapo na madumu yao.

Dobi alikuwa mama mwenye mikono mikubwa, na sauti yake ilishinda pampu. Watu wote walimwita shangazi.

"Polisi? Mmechelewa!" akasema kabla hawajasalimia. "Nimewaita tangu mwezi uliopita!"

"Ulituita kwa jambo gani, shangazi?" Kupe akauliza.

"Wizi! Wenye viwanda vya sabuni ni wezi. Kamata wote!"

Koplo akatazama pembeni, tabasamu limemponyoka.

"Wewe cheka tu. Shati lako hilo lilifuliwa na nani? Kola ina ramani." Koplo akafunika kola kwa mkono. "Njooni muone. Hii sabuni ya mche nimeitumia tangu sijaolewa. Ilikuwa ukiigusa tu, povu mpaka kiwiko. Sasa hivi tazama!"

Akachota maji ya kisima kwenye beseni, akatumbukiza shati la baharia, akasugua sabuni kwa nguvu zake zote. Povu halikuja. Kilichokuja ni vipande vyeupe vinavyoelea, kama maziwa yaliyoganda, vikagandamana kwenye kitambaa.

"Umeona? Nimebadili sabuni ya pili, ile ile. Nikabadili ya tatu, mbaya zaidi. Wamekubaliana wote! Nguo nyeupe zinatoka za kijivu, wateja wananiangalia kama nimezipika."

Kupe akachuchumaa mbele ya beseni. Akachovya kidole, akakilamba. Akatema pembeni kwa adabu.

"Mbona maji yenyewe yana chumvi, shangazi? Na uchungu kidogo."

"Maji yangu? Maji yangu matamu tangu enzi za marehemu mume wangu!"

"Umeyaonja lini?"

"Mimi nakunywa chai. Chai naweka sukari nyingi." Akafikiri. "Majirani wamesema sema kidogo. Nikawaambia ni madumu yao hayaoshwi."

Kupe akaendelea kuchuchumaa. Koplo, aliyemjua, hakumsemesha. Shemeji yake akiwa hivyo ni kama amelala na macho wazi.

"Hii taabu ya sabuni imeanza lini hasa?"

"Naijua vizuri sana. Ilianza baada ya ile meli ya tope kupiga kelele pale konani mwa mfereji. Siku ile nguo zilitingishika kwenye kamba na hakuna upepo. Pasi ikatembea yenyewe mezani. Kutwa nzima! Nikasema huko wanachimba kaburi la nyangumi."

"Kutwa nzima?"

"Tangu asubuhi mpaka nimeanua."

Kupe akainuka, magoti yakalia. Akatoa simu akampigia binti.

"Mwanangu, nijibu. Maji yenye hiyo magnesi yako yanaelewana na sabuni?"

Upande wa pili ukatoka ukelele ambao hata shangazi aliusikia.

"Sabuni! Mama wee! Maji magumu! Hayatoi povu, yanaganda! Nilifundishwa hilo kidato cha pili!"

"Na maji matamu yaliyotiwa chumvi ya jikoni?"

"Kwa chumvi kiasi kile, povu linatoka tu kama kawaida. Jamani, mimi nimekaa hapa nalililia kabati, sabuni iko bafuni!"

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Kula yai, utulie." Kupe akakata simu, akamgeukia shangazi. "Naomba kipande cha sabuni. Na mabeseni matatu, nitakurudishia leo leo. Na wewe uje saa nane."

"Kuna kukamatwa watu wa sabuni?"

"Njoo tu, shangazi."

Garini koplo aliyapakata mabeseni kama mtoto mchanga. "Sawa, nimekuelewa. Chumvi ni ya bahari kweli. Lakini imefikaje huku? Si walikwangua tope la juu tu? Kukwangua tope hakutembezi pasi."

"Ndiyo maana tunakwenda kwa nahodha."

*

Meli ya kuchimbia ilikuwa imefungwa gatini, chafu, na mkono wake wa chuma umekunjwa juu kama nzige. Nahodha wake alikuwa kwenye kiti cha turubai anashona soksi. Alianza kazi ya maji akiwa kijana kwenye meli za mizigo, na mambo ya zamani alikuwa hajayaacha.

"Karibuni melini. Angalieni kichwa hapo," akasema, na koplo akagonga kichwa hapo hapo.

Kupe akasifu soksi kwanza. Kisha akasema, "Nahodha, nimesikia siku ya jaribio ulifanya kazi nzuri sana kule konani."

Uso wa nahodha ukanawiri. "Nani kasema? Mimi nikadhani hakuna aliyeona. Kazi ile ilikuwa safi! Njia nzima tulikuwa tunakwangua tu, kazi ya kitoto, kiganja kimoja cha tope. Kufika konani, injinia akanipigia simu ya upepo. Hapo ndipo nikapata kazi ya kiume."

"Alikuambiaje? Kwa maneno yake."

"Akasema, hapo konani, shuka pima tatu, halafu urudi." Nahodha akanyoosha mikono yake pande zote mbili, kidole mpaka kidole. "Pima moja ndiyo hii. Nikashuka pima tatu kamili. Sikupunguza, sikuzidisha. Pima ya kwanza tope tupu. Ya pili udongo wa mfinyanzi, mgumu, meli nzima inatetemeka, kutwa nzima tumeshinda hapo. Ya tatu mchanga laini, na maji yanazama kama umefungua kizibo."

Koplo akaacha kujipapasa kichwa.

"Ulimwambia injinia?" Kupe akauliza kwa upole.

"Kwa nini nisimwambie? Nilimpigia nikasema, tayari mkuu, pima tatu. Akauliza zikoje? Nikasema ya kwanza tope, ya pili mfinyanzi, ya tatu mchanga. Akasema safi sana, njoo unywe chai." Nahodha akatazama nyuso zao. "Kwani kuna ubaya?"

"Nahodha, una shati safi?"

"Ninalo, ila siku hizi dobi ananirudishia la kijivu."

"Vaa hivyo hivyo. Tunakwenda mkutanoni."

*

Ukumbi wa mkutano ulikuwa na meza ndefu, feni moja inayolalamika, na watu wengi kuliko viti. Mwenyekiti wa tathmini alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kulia kwake alikaa injinia mkuu, kijana nadhifu, kalamu mfukoni, hana ubaya usoni ila haraka. Binti wa maji alikaa kiti cha mwisho. Babu wa getini alikuwa mlangoni, ameshika shavu.

"Babu, vipi?" mtu akamuuliza.

"Jino," babu akasema kwa uaminifu.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Mpelelezi, tunakusikiliza. Chupa za kisima cha dobi zimetiwa chumvi au hazikutiwa?"

"Mama Mwenyekiti, naomba kufua kwanza."

Ukumbi ukacheka. Kupe akapanga mabeseni matatu mezani. La kwanza akatia maji ya bomba. La pili maji ya bomba pia, kisha akachukua ile pakiti ya chumvi ya binti akayakoleza, akamwomba injinia mwenyewe ayaonje. Injinia akakunja uso. La tatu akamwaga maji ya chupa ya kisima cha dobi, na kizibo akakivunja mbele ya mwenyekiti.

"Shangazi, kazi kwako."

Shangazi akapanda mbele, akakunja mikono. Beseni la kwanza, povu. Beseni la pili, povu, pungufu kidogo lakini povu. Beseni la tatu alisugua, akasugua, akasugua. Vipande vyeupe vikaelea juu.

"Wezi wa sabuni!" shangazi akaueleza ukumbi.

"Binti," Kupe akasema, "waambie."

Binti akasimama. Sauti ilianza chini, ikapanda. Akaeleza chumvi ya jikoni na chumvi ya bahari, akaeleza magnesi na kwa nini inagombana na sabuni. "Chumvi ya pakiti haiwezi kufanya vile. Beseni la tatu lina bahari ndani yake. Fungueni kabati, nitawapimia hapa hapa, mbele yenu."

Mwenyekiti akamtazama injinia. Injinia akatoa ufunguo. Binti akakimbilia kabatini, akarudi na vifaa, akadondosha dawa kwenye vikombe viwili, kimoja cha maji ya chumvi ya pakiti, kimoja cha maji ya chupa ya dobi. Mwenyekiti mwenyewe akasoma rangi kwenye kipimo, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakisoma tena.

"Ni bahari," akasema.

"Lakini shahidi alisema—" injinia akaanza.

"Nilisema anatia chumvi kwenye hadithi!" babu akalipuka kutoka mlangoni, jino limepona. "Hadithi, bwana mkubwa! Meli yenye mkia!"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Injinia akawa mwekundu mpaka masikioni, halafu kwa heshima yake akainamisha kichwa. "Nilimwelewa vibaya. Nakubali. Ila hilo la bahari halikubaliki, Mama Mwenyekiti. Chini ya mfereji kuna udongo wa mfinyanzi. Huo ni kama sufuria, unazuia maji ya chumvi yasishuke. Sisi hatukuugusa. Tulikwangua tope tu."

"Mfinyanzi ulijuaje kama upo?" Kupe akauliza.

"Tuliupima. Siku ya jaribio niliagiza vipimo vitatu konani. Kimoja kikaonyesha tope, kimoja mfinyanzi, kimoja mchanga."

"Mahali patatu tofauti?"

"Ndiyo. Hatua chache chache."

"Uliagizaje? Maneno yenyewe, uliyosema kwenye simu ya upepo."

Injinia akainua mabega. "Nilisema, hapo konani, shuka, pima tatu, halafu urudi."

"Nahodha," Kupe akasema, "wewe uliagizwaje?"

Nahodha akasimama kwa ukakamavu. "Hapo konani, shuka pima tatu, halafu urudi." Na mikono yake, yenyewe bila kuambiwa, ikanyooka pande zote mbili, kidole mpaka kidole.

Injinia aliitazama ile mikono. "Pima," akasema taratibu. "Nilikuambia upime! Upime, nahodha! Ushuke, uchukue vipimo vitatu!"

"Mimi nimeshuka pima tatu, mkuu! Ukasema safi sana!"

"Nilijua ni vipimo!"

"Na chai ukaninywesha!"

"Umetoboa sufuria," mwenyekiti akasema, na kumbe alikuwa anacheka, ingawa alijikaza. Alivua miwani akaifuta. Kisha akaacha kucheka, maana madumu ya majirani yalikuwa bado yanakwenda pale kisimani. Akatoa maagizo. Shimo la konani lifukiwe kwa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, nahodha akisimamia na injinia akiwa naye meli moja, na kila agizo likitoka litaje mita. Pampu ya shangazi, ambayo kwa kuvuta bila kupumzika ndiyo iliyoyaita maji ya bahari mpaka kwake, izimwe, na gari la maji la mfereji limletee yeye na majirani maji matamu kila asubuhi mpaka kisima kipone. Chupa za binti zisimwagwe hata tone. Na uchimbaji wenyewe usubiri.

"Shimo moja la upana wa meli moja limefika mpaka kwa dobi," mwenyekiti akasema. "Tukichimba mfereji mzima tutafika wapi? Hilo ndilo tulilokuja kuuliza hapa. Binti, rudi kwenye visima vyako. Safari hii nataka na vya mbali zaidi, kupita kwa dobi."

"Nahitaji chupa zaidi," binti akasema.

"Andikia injinia."

"Atapata leo," injinia akasema haraka. Akamwendea, akasimama mbele yake, akamwachia ufunguo wa kabati uwe wake.

Shangazi alikuwa bado amesimama kwenye beseni la tatu, anakitazama kipande chake cha sabuni kama ndugu aliyegombana naye bure. "Kumbe hukuwa wewe," akakiambia, akakifuta maji kwa kanga, akakitia mfukoni.

Nje, jua lilikuwa limeanza kulegea juu ya gati. Koplo alimchukulia shemeji yake mabeseni. Babu alikuwa amerudi getini na kofia yake imenyooka, na binti akaja mbio na mabuti yake, yai mkononi, tayari ana mengi ya kusema.

"Babu! Umeukosa utamu wa mwisho! Ukumbi mzima walisimama wakanipigia makofi, watu elfu tano, mpaka feni ikadondoka, mwenyekiti akalia, injinia akapiga magoti!"

Babu alicheka mpaka kofia ikamshuka. Akamgeukia Kupe, akamnyooshea binti kidole, akavuta pumzi.

"Umesikia mwenyewe, afande? Si nilikuambia huyu mtoto ana—"

"Babu," Kupe akasema, akiinua mkono. "Sema anaongeza maneno."